Clint Dolezel, Mtu Aliyedumu Kuliko Klabu Zake

Mwaka 2007 timu ya Dallas Desperados ilimaliza msimu wa kawaida wa Arena Football League (AFL), ligi ya Marekani ya futiboli ya ukumbini, ikiwa na ushindi wa mechi 15 na kipigo kimoja. Katika mtoano ikawakaribisha Columbus Destroyers, timu iliyofika hatua hiyo kwa kujikongoja, ikiwa imeshinda mara 7 na kupoteza mara 9, na wageni hao wakaondoka na ushindi wa 66 kwa 59. Aliyekuwa akirusha mpira upande wa Dallas alikuwa Clint Dolezel. Aliyekuwa akirusha upande wa Columbus alikuwa Matt Nagy, ambaye alikwisha kupitia New York, Carolina na Georgia kabla ya kutua Columbus. Wote wawili walikuwa wachezaji wa kuhamahama, wa aina ile ambayo kila baada ya misimu michache hufungasha virago, na wote wawili walipotundika daluga wakawa makocha.

Nagy alipanda ngazi hadi juu kabisa. Baada ya kufundisha shule za sekondari na kuuza nyumba kwa muda ili familia ipate kula, aliingia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2018 akawa kocha mkuu wa Chicago Bears na kutajwa Kocha Bora wa Mwaka. Habari zake zimeandikwa sana, na sioni haja ya kuzirudia. Aliyenivutia mimi ni yule aliyefungwa siku ile, ambaye hakutoka ukumbini: alibaki humo humo akiwa mchezaji, akabaki humo humo akiwa kocha, akashuhudia klabu moja baada ya nyingine zikifa, na bado kila msimu kulikuwa na mtu wa kumpigia simu. Nimejaribu kuelewa ni kitu gani hasa alichokuwa nacho ambacho klabu hazikukosa kukihitaji, hata klabu zenyewe zilipokuwa hazina hakika ya kuuona msimu unaofuata.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka kama mimi, maelezo kidogo ya mchezo wenyewe ni ya lazima. Futiboli ya Kimarekani tunayoiona kwenye televisheni huchezwa uwanja wa yadi 100, wachezaji 11 kila upande. Ya ukumbini huchezwa kwenye eneo lililo sawa na lile la mpira wa magongo wa barafuni: yadi 50 kwa urefu, yaani takriban mita 46, na upana wa futi 85, wachezaji wanane kwa wanane. Pembeni hakuna mstari wa chokaa wa kumwambia mtu kwamba ametoka nje. Kuna ukuta wenye godoro, kimo chake kama kifua cha mtoto wa shule ya msingi, na nyuma ya ukuta huo ameketi shabiki na soda yake. Nyuma ya kila goli, kushoto na kulia kwa milingoti, huning'inia nyavu kubwa zilizokazwa, kila mmoja una upana wa futi 30 na kimo cha futi 32, na mpira ukigonga wavu unarudi mchezoni ukiwa hai. Hakuna ruhusa ya kuupiga mpira mbali ili kujinusuru, kama timu za uwanja mkubwa zinavyofanya zikishindwa kusonga mbele. Unasonga, au unajaribu kufunga kwa teke, au unamwachia mwenzako mpira pale pale.

Mwanzilishi wa haya yote ni Jim Foster, na wazo lilimjia mwaka 1981 akiwa Madison Square Garden, New York, akitazama mechi ya soka, si ya futiboli. Ilikuwa soka ya ukumbini, na Foster akachora uwanja wa futiboli wa kufanana nayo juu ya bahasha aliyokuwa nayo. Ligi yake ilianza mwaka 1987 ikiwa na timu nne: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington. Hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka, kwa sababu Wamarekani wa kizazi kile walipenda kuibeza soka, na hapa palikuwa na mchezo wao wenyewe uliotungwa mimba ndani ya mechi ya soka.

Katika mchezo huu kwotabeki ndiye kila kitu. Ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila pigo, yaani kila jaribio moja la kushambulia, na kuamua aupeleke wapi, na kwa kuwa uwanja ni mfupi na nafasi ya kukimbia na mpira ni finyu, karibu kila pigo ni la kurusha. Kwa miaka mingi sheria ilimlazimisha mchezaji wa kawaida kucheza pande zote mbili, kushambulia na kukaba, hadi ilipolegezwa mwaka 2007; kwotabeki alikuwa miongoni mwa wachache waliosamehewa. Mbele yake wanasimama watu watatu wa kumlinda. Mpokeaji mmoja anaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mbele kabla mpira haujaguswa, jambo ambalo NFL haliruhusiwi, hivyo anapouvuka mstari wa kuanzia pigo yuko tayari kwenye kasi yake yote na beki anayemkabili bado amesimama. Kwotabeki anarudi hatua tatu, na mpira lazima uwe umetoka mkononi. Akisubiri mpokeaji aachwe wazi, amechelewa. Anarusha mahali ambapo hakuna mtu, akiamini kwamba mtu atafika.

Dolezel alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alisoma chuo kikuu cha East Texas State, mjini Commerce, chuo ambacho hata jina lake halikutulia: mwaka 1996 kikawa Texas A&M University–Commerce, na mwaka 2024 kikabadilishwa tena na kuitwa East Texas A&M. Hakuwahi kucheza mechi ya ligi ya NFL. Aliingia ukumbini katikati ya miaka ya 1990, na orodha ya alikopita ni Milwaukee Mustangs, Texas Terror iliyobadili jina na kuwa Houston ThunderBears, Grand Rapids Rampage, Las Vegas Gladiators na Dallas Desperados. Alipomaliza, mwaka 2008, alikuwa amerusha mpira kwa zaidi ya yadi 44,000 na kutoa pasi za tachidauni, yaani zinazozaa bao, zaidi ya 900. Katika historia ya ligi ile, Aaron Garcia ndiye jina linalotajwa kwanza kwa wingi wa pasi za tachidauni, akiwa amevuka 1,000. Dolezel yuko katika kundi dogo sana linalomfuata.

Namba hizo humchanganya mtu asiyeuzoea mchezo. Pasi 900 za tachidauni ni nyingi kuliko alizowahi kutoa kwotabeki yeyote wa NFL, na wapo wanaozicheka kwa sababu hiyo, wakisema kwamba uwanja ni mfupi na kila mtu anafunga. Ni kweli kwamba kila mtu anafunga. Lakini hapo ndipo ugumu ulipo, na ndipo ninapoamini kocha Dolezel alipozaliwa, miaka mingi kabla hajapewa filimbi.

Fikiria mechi ambayo timu zote mbili zina uwezo wa kufunga karibu kila zamu ya kushambulia. Huwezi kushinda kwa kufunga tu, kwa sababu na mwenzako anafunga. Unashinda kwa mambo mawili: kumzuia mara moja au mbili tu katika usiku mzima, na kupanga nani atakuwa na mpira saa inapokaribia kwisha. Timu inayofunga mwishoni kabisa mwa kipindi cha kwanza, bila kumwachia mpinzani hata sekunde za kujibu, kisha ikaanza na mpira kipindi cha pili, inakuwa imepata zamu mbili mfululizo. Katika mchezo wa 66 kwa 59, zamu hizo mbili ndizo mechi yenyewe.

Sasa ongeza jambo la saa. Katika AFL saa ilitembea karibu muda wote bila kusimama, hadi dakika ya mwisho ya kila kipindi, ambapo sheria zilibadilika: saa ikaanza kusimama, na timu iliyoongoza haikuruhusiwa kupiga goti na kuua muda kama wanavyofanya uwanja mkubwa. Ilipaswa kuuvusha mpira mbele ya mstari ulipoanzia, la sivyo saa inasimama na mpinzani anapata pumzi. Kwa hiyo zile tunazoziita dakika za lala salama hazikuwa na usalama wowote. Kwotabeki aliyekuwa mbele kwa pointi sita, mpira uko mkononi mwake na zimebaki sekunde 50, alikuwa na tatizo ambalo mwenzake wa NFL halijui: asifunge haraka mno, maana atamrudishia mwenzake mpira na muda wa kujibu, na asisite, maana saa itamsaliti. Wakati mwingine uamuzi sahihi ni mpokeaji kuanguka chini yadi moja kabla ya goli, huku ukumbi mzima ukipiga kelele aingie.

Hesabu hii haifundishwi katika vyuo vinavyolisha NFL, kwa sababu huko haina matumizi. Inajifunzwa kwa kuchomwa nayo. Mtu aliyeifanya kwa misimu zaidi ya 10, katika miji mitano, chini ya makocha tofauti wenye vitabu tofauti vya mbinu, anakuwa na ujuzi ambao hauwezi kuuzwa juu, lakini unaweza kuuzwa pembeni, kwa klabu nyingine ya ukumbini. Yu kama fundi cherehani anayehama kibaraza: jengo ni la mwingine, kodi ni ya mwingine, lakini cherehani na mkono ni vyake.

Vibaraza vyenyewe navyo havikudumu. Ukumbi wa Houston uliokuwa ukiitwa Compaq Center, walikochezea ThunderBears, leo ni kanisa la Lakewood, moja ya makanisa makubwa kabisa nchini Marekani, na mahali palipokuwa na magoli pameimbiwa nyimbo za kuabudu tangu 2005. ThunderBears wenyewe walikufa baada ya msimu wa 2001, ambao waliumaliza wakizunguka bila nyumba. Mustangs walikufa mwaka huo huo, na ukumbi wao wa Bradley Center, ulioifungulia Milwaukee milango mwaka 1988, ulibomolewa mwaka 2019. Gladiators waliondoka Las Vegas wakahamia Cleveland. Dolezel alikuwa akiruka kutoka merikebu moja hadi nyingine, na zile alizoziacha zikaja kuzama au kuhama. Si kwa kosa lake.

Grand Rapids ndipo alipopata furaha yake kubwa ya uchezaji. Mji huo wa Michigan unajulikana kwa wengi wetu kwa sababu nyingine: umepokea familia nyingi kutoka Kongo, na siku hizi unaweza kununua unga na kusalimiana kwa Kiswahili bila kutafuta sana. Mwaka 2001, katika ukumbi wa Van Andel Arena ulio katikati ya mji, Rampage walicheza fainali, ArenaBowl XV, dhidi ya Nashville Kats, na wakashinda 64 kwa 42 mbele ya watu wao. Dolezel ndiye aliyekuwa kwotabeki. Ni ubingwa wake pekee kama mchezaji, na nadhani ndio unaoeleza kwa nini Dallas walimtaka: mtu aliyekwisha kuufikisha msafara nyumbani.

Miaka ya Dallas ilikuwa ya neema, kwake na kwa ligi nzima. Desperados walimilikiwa na Jerry Jones, tajiri yule yule wa Dallas Cowboys, walivaa rangi zile zile na kuchezea American Airlines Center, ukumbi wa timu ya kikapu ya Mavericks. Kituo cha televisheni cha NBC kilikuwa kimeonyesha mechi za ligi hiyo kuanzia 2003, kisha kingine, ESPN, kikaingia na kununua sehemu ya ligi. Mwaka 2007 kulikuwa na timu 19. Kocha wa Desperados alikuwa Will McClay, ambaye baadaye aliingia ofisini kwa Cowboys na kuwa mkuu wa kazi ya kuwatafuta na kuwapima wachezaji. Hapo ndipo ninapoona kitu ambacho watu wa uwanja mkubwa walichelewa kukitambua: kwamba ule ukumbi mdogo ulikuwa shule. Msimu wa 2006 Desperados walitolewa na Orlando Predators, waliofundishwa na Jay Gruden, kwotabeki mwingine wa ukumbini aliyetwaa ubingwa mara nne akiwa mchezaji wa Tampa Bay Storm na mara mbili akiwa kocha wa Orlando, kisha akawa kocha mkuu wa timu ya NFL ya Washington kuanzia 2014. Mwaka uliofuata wakatolewa na Nagy. Katika misimu miwili mfululizo, Dolezel alizuiwa njiani na makocha wawili wa NFL wa baadaye, mmoja akiwa pembeni na mwingine akiwa na mpira mkononi.

Kwa nini wao walipanda na yeye akabaki? Maelezo ya haraka ni bahati na jamaa: Gruden ana kaka, Jon, aliyekuwa kocha maarufu tayari, na Nagy alijikuta chini ya mbawa za Andy Reid, kocha mkongwe wa NFL. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini nadhani hayatoshi. Gruden na Nagy waliuchukulia ukumbi kama daraja. Walichojifunza humo wakakitafsiri upya kwa ajili ya uwanja mkubwa. Dolezel aliuchukulia kama taaluma kamili, yenye kina chake, na taaluma hiyo ilikuwa na thamani pale tu penye ukuta na nyavu. Simwoni kama aliyeshindwa. Wapo waandishi wa riwaya waliokataa kuandika filamu.

Kisha nyumba kubwa ikaanguka. Mwishoni mwa 2008 ligi ilitangaza kwamba msimu wa 2009 hautachezwa, na baadaye ikafilisika. Desperados hawakurudi. Ligi mpya iliponunua jina na kufufuka mwaka 2010, mishahara ilikuwa imeporomoka mno. Picha ninayoikumbuka zaidi ya kipindi hicho ni ya Machi 2012: wachezaji wa Pittsburgh Power, wakiwa wamesafiri hadi Orlando kwa mechi ya ufunguzi na wakipanga kugoma kwa sababu walilipwa dola 400 kwa mechi, walifutwa kazi wakiwa mgahawani, mezani, wakati wa mlo wa kabla ya mechi. Baadhi walisaini tena usiku ule ule na kuingia uwanjani. Dola 400, na kwotabeki anayegongwa na watu wa kilo 130 mbele ya ukuta.

Huo ndio ulimwengu ambamo Dolezel alikuwa kocha. Kwanza aliwafundisha Dallas Vigilantes, klabu iliyochezea ukumbi ule ule wa Desperados na iliyodumu misimu miwili tu, 2010 na 2011, kisha nayo ikafungwa. Kuanzia 2013 akawa kocha mkuu wa Philadelphia Soul, timu iliyoanzishwa na kundi la wamiliki akiwemo mwanamuziki Jon Bon Jovi, na ambayo uso wake wa umma alikuwa Ron Jaworski, kwotabeki wa zamani wa Philadelphia Eagles. Msimu wake wa kwanza aliifikisha fainali na kufungwa na Arizona Rattlers 48 kwa 39. Kwa kocha wa kuhamahama, kufungwa fainali mara nyingi ndiyo njia ya kibarua kuota nyasi. Philadelphia hawakumfukuza, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingi iliyofanywa katika ligi ile.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mchezo alikaa mahali pamoja muda wa kutosha kupanda kitu na kukiona kikikua. Alikuwa na kwotabeki wake, Dan Raudabaugh, aliyekuwa naye kwa misimu kadhaa, jambo adimu katika ligi ambayo wachezaji wengi walisaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ukitazama mechi za Soul za miaka ile, utaona ile hesabu ya zamu na sekunde ikifanywa na mtu mwingine kwa ufasaha ule ule: Raudabaugh hakuwa na haraka pale ukumbi ulipokuwa na haraka. Timu yake ilipokuwa na mpira karibu na mwisho wa kipindi, ilitembea. Pigo fupi, mpokeaji anaanguka ndani ya uwanja, anainuka taratibu, pigo jingine fupi, kisha goli zikiwa zimebaki sekunde chache. Kocha wa upande wa pili alikuwa akipewa mpira usio na muda ndani yake.

Mwaka 2016 Soul walirudi fainali, ikachezwa Glendale, Arizona, jimboni kwa Rattlers wale wale, na safari hii wakashinda 56 kwa 42. Mwaka 2017 waliwafunga Tampa Bay Storm 44 kwa 40, Philadelphia, mbele ya mashabiki wao. Ubingwa mara mbili mfululizo, kwa mtu ambaye alipokuwa mchezaji alisubiri tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi 2001 kupata mmoja na hakupata mwingine tena.

Ila ligi ilikuwa ikiyeyuka mikononi mwake. Timu zilikuwa 8 mwaka 2016, zikawa 5 mwaka 2017. Rattlers, waliofungwa ile fainali ya kwanza, walihamia ligi nyingine. Storm, waliofungwa ya pili, walifunga shughuli kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2018 zilibaki 4, na ubingwa ukaenda kwa Washington Valor, timu iliyokuwa imeshinda mechi 2 na kupoteza 10 katika msimu wa kawaida, kwa kuwa timu zote nne ziliingizwa kwenye mtoano. Wapo walioliona hilo kama muujiza wa michezo. Mimi naona aibu ya waandaaji. Mwaka 2019 Soul walicheza fainali yao ya mwisho, Albany, na wakafungwa na wenyeji, Albany Empire, 45 kwa 27. Novemba mwaka huo ligi iliomba kufilisiwa, na safari hii jina halikufufuka haraka. Lilipofufuliwa mwaka 2024, na wamiliki wengine kabisa, timu 16 zilianza mwezi Aprili na baada ya wiki chache ratiba ilikuwa imesambaratika, wachezaji wakidai malipo yao.

Hivyo basi, klabu zote alizochezea na kufundisha katika AFL, kuanzia Milwaukee hadi Philadelphia, hazipo. Mtu wa kawaida akitazama wasifu wa kazi wa namna hiyo atadhani mwenye wasifu ana nuksi. Ukweli ni kwamba alikuwa na ujuzi ambao wanunuzi wake walikuwa maskini au wazembe wa fedha, na mara nyingi vyote viwili. Klabu za ukumbini zililipa kodi ya ukumbi wa watu 15,000 kwa mechi za watu wachache zaidi ya hapo, zikategemea tajiri mmoja mwenye mapenzi, na mapenzi ya tajiri yakiisha, hakuna kadi ya uanachama wala tawi la mashabiki la kuishika timu isianguke. Sisi wa soka tunalalamika juu ya wanachama na vurugu zao za uchaguzi, lakini wanachama hao ndio wameifanya klabu kama Simba au Yanga iwepo hata katika miaka ambayo haikuwa na senti.

Baada ya Soul alirudi Texas, kuwa kocha wa kwanza wa Frisco Fighters, timu mpya ya Indoor Football League, ligi iliyojengwa kwa bajeti ndogo na ambayo kwa sababu hiyo hiyo imedumu. Korona ikaufuta msimu wa 2020, wakaanza kucheza 2021, katika ukumbi wa Comerica Center, ambao kazi yake ya kila siku ni mpira wa magongo wa barafuni. Niliwahi kuketi humo safu ya pili kutoka ukutani. Kwenye televisheni huwezi kujua jinsi mambo yalivyo karibu: unasikia pumzi za wachezaji, unasikia godoro la ukuta likilia mtu anapobamizwa, na mpokeaji aliyeruka kuudaka mpira alimalizikia mapajani mwa bwana mmoja mbele yangu, akaomba radhi, akarudi uwanjani kwa kukanyaga kiti kitupu. Baridi ya barafu iliyofunikwa chini ya zulia ilipanda taratibu hadi magotini.

Kitu kimoja kilikosekana, na nilichukua muda kukitambua. Nyuma ya magoli hapakuwa na nyavu. Foster alikuwa na hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, juu ya mchezo wake, na kwa miaka mingi nyavu zile zilikuwa mali ya AFL peke yake. Hataza iliisha muda mwaka 2007, lakini ligi za ukumbini zilizozaa ile ya Frisco zilikwisha kuzoea kucheza bila nyavu, nayo ikaendelea hivyo. Kwa kocha aliyeishi na nyavu tangu ujana wake, maana yake ni kwamba kurasa kadhaa za kitabu chake zilipaswa kuchanwa: hakuna tena kumfundisha mpokeaji kuusubiri mpira unaorudi kutoka wavuni, hakuna tena kuipanga safu ya ulinzi kwa teke litakalogonga na kudunda. Hesabu ya zamu na sekunde aliweza kuihamishia huko ikiwa nzima, ikarekebishwa tu kwa kanuni za huko. Mpira uliopita juu ya goli Frisco haukurudi.